Saa 72 Zinaanza Kuhesabiwa Usiku Uleule

Kondomu imepasuka saa tano, usiku wa kuamkia Jumamosi. Uko Murusagamba wilayani Ngara, au Kalenge wilayani Biharamulo. Duka la dawa limefungwa, na bodaboda ya kwanza ni asubuhi. Wengi wetu katika hali hiyo hulala tukijiambia tutakwenda Jumatatu, zahanati ikiwa na watu na sisi tukiwa tumetulia. Mwongozo huu umeandikwa ili usisubiri Jumatatu.

Humu mna mambo mawili ambayo huchanganywa sana. La kwanza ni kuzuia mimba baada ya tendo, na hilo lina saa. La pili ni yale unayoyaona au kuyasikia mwilini baada ya kujamiiana: uchafu, mwasho, damu, maumivu. Hayo mengi yanaweza kusubiri siku moja au mbili, isipokuwa dalili chache nitakazozitaja waziwazi.

Kwa nini saa ni muhimu

Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Yai likishatoka, huishi kama siku moja tu. Kwa hiyo mara nyingi mimba haitungi usiku uleule. Mbegu hukaa zikilisubiri yai. Kidonge cha dharura, ambacho huku kila mtu anakiita P2, hulichelewesha yai lisitoke wakati mbegu zingali hai. Yai likiwa limeshatoka, kidonge hakina tena cha kuzuia. Ndiyo maana kidonge kilekile, kwa mwanamke yuleyule, kinaweza kufaulu Jumamosi asubuhi na kushindwa Jumatatu jioni.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha hivi: waliomeza ndani ya saa 24, mimba zilizotarajiwa kutunga zilizuiwa kwa asilimia 95. Kati ya saa 25 na 48, asilimia 85. Kati ya saa 49 na 72, asilimia 58. Kila usiku unaolala na mawazo tu, bila kidonge, unakupunguzia kinga.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: je, hii ni kutoa mimba? Hapana. Mimba ikiwa imeshatunga, P2 haiitoi wala haimdhuru mtoto. Haiharibu kizazi. Haileti ugumba, hata ukiwa umeitumia zaidi ya mara moja. Anayenyonyesha anaweza kuimeza, binti anaweza kuimeza, na mwanamke wa miaka 45 ambaye bado anaona siku zake anaweza pia.

Hesabu saa zako hivi

Chukua mfano ule wa kondomu. Tendo limefanyika saa tano, usiku wa kuamkia Jumamosi.

- Saa 24 zinaisha saa tano usiku wa kuamkia Jumapili.
- Saa 72 zinaisha saa tano usiku wa kuamkia Jumanne.
- Saa 120, yaani siku tano kamili, zinaisha saa tano usiku wa kuamkia Alhamisi.

Andika saa hiyo kwenye simu au kwenye kiganja. Mhudumu akikuuliza "lini?", usijibu "juzi". Mpe siku na saa. Kati ya saa 72 na 120 kidonge bado kinaweza kusaidia, ila nguvu yake imepungua sana, kwa hiyo usikate tamaa wala usijidanganye.

Hatua kwa hatua

1. *Kunapokucha, nenda duka la dawa muhimu, au zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu.* Hospitali hazifungi Jumamosi wala Jumapili. Kwa upande wa Ngara kuna Murgwanza, Nyamiaga na Rulenge. Biharamulo kuna hospitali ya mjini. Njia za uzazi wa mpango hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kituo kikikosa kidonge, usiahirishe mpaka waletewe. Nenda dukani siku hiyohiyo.

2. *Sema jambo lenyewe, fupi.* "Naomba kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, P2. Imepita usiku mmoja." Huna haja ya kueleza mwanamume ni nani wala kuonyesha cheti cha ndoa. Ukiona aibu kwa sababu muuzaji ni jirani au shemeji, iandike kwenye karatasi umpe, au mtume rafiki wa kike unayemwamini.

3. *Soma boksi.* Jina la kutafuta ni levonorgestrel. Likiwa na kidonge kimoja, kitakuwa cha miligramu 1.5. Likiwa na viwili, kila kimoja ni miligramu 0.75. Kwa nyinyi mlio Kabanga na Rusumo, dawa huvuka mpaka kutoka Burundi na Rwanda na boksi linaweza kuwa la Kifaransa. Jina ni lilelile, lévonorgestrel, na miligramu zitaandikwa kwa mkato, 1,5. Angalia tarehe ya kuisha. Kidonge kilichotolewa kwenye pakiti na kufungwa kwenye kikaratasi usikinunue, maana huwezi kujua ni kitu gani.

4. *Meza palepale, kwa maji.* Vikiwa viwili, meza vyote kwa pamoja. Maelezo ya zamani yalisema kimoja sasa na cha pili baada ya saa 12. Wengi walikuwa wakisahau kile cha pili. Ukisikia kichefuchefu kwa urahisi, kula kitu kidogo kwanza.

5. *Ukitapika kabla ya saa mbili kupita, rudia dozi nzima.* Ukitapika baada ya hapo, dawa imeshaingia mwilini.

6. *Tumia kondomu kuanzia siku hiyo.* Hili nitalirudia hapo chini, kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia.

Kuna njia yenye nguvu kuliko kidonge

Kitanzi cha shaba, ambacho wengine wanakiita lupu, kikiwekwa ndani ya siku tano huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, na kikibaki kinaendelea kukukinga kwa miaka kumi au zaidi. Mama mwenye watoto watano anayetaka kupumzika atatatua mambo mawili kwa safari moja. Lazima kiwekwe na mhudumu aliyefundishwa, baada ya kukukagua kama huna maambukizi. Sio kila zahanati ina mtu huyo, kwa hiyo piga simu au uliza kwanza kabla ya kutumia nauli. Ukiambiwa hayupo mpaka wiki ijayo, meza kidonge leo.

KISANDUKU: Pale ambapo P2 haipatikani kabisa

Kama una pakiti ya vidonge vya majira, soma nyuma yake. Ikiwa kila kidonge kina levonorgestrel mikrogramu 150 na ethinylestradiol mikrogramu 30, meza vinne sasa na vinne vingine baada ya saa 12. Chukua vile vyenye dawa tu, sio vya kahawia vya kuongeza damu. Njia hii ni dhaifu kuliko P2 na inaleta kichefuchefu zaidi, lakini ni bora kuliko kukaa bure. Vidonge vya mama anayenyonyesha ni vya aina nyingine na hesabu hii haivihusu.

KISANDUKU: Mweleze mhudumu kabla ya kumeza ikiwa

- unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampicin;
- unatumia dawa za kifafa kama phenytoin au carbamazepine;
- uko kwenye dawa za kufubaza VVU zenye efavirenz. Zile za sasa zenye dolutegravir hazina shida;
- una mwili mkubwa sana.

Dawa hizo huimaliza P2 mwilini kabla haijafanya kazi yake. Mhudumu anaweza kukupa dozi mara mbili au kukushauri kitanzi. Kwa mwenye mwili mkubwa, kidonge kinaweza kupungua nguvu, lakini hiyo si sababu ya kunyimwa.

Utakachokiona baada ya kumeza

Kichefuchefu, kichwa kuuma, uchovu, maziwa kuuma, matone ya damu. Hayo hupita ndani ya siku chache. Hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa, na inaweza kuja nyingi au kidogo kuliko ulivyozoea. Matone ya damu siku ya tatu sio uthibitisho kwamba umepona. Wala kutokuona matone sio dalili kwamba dawa imeshindwa.

Hedhi ikichelewa zaidi ya siku saba, au zikipita wiki tatu tangu tendo bila kuona kitu, pima mkojo. Ikiwa una maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, na kizunguzungu au kuzimia, usingoje kipimo cha duka. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo huua kwa damu inayovuja ndani bila kuonekana. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama pikipiki inataka bei ya ajabu.

Makosa yanayowapata wengi

*Kudhani kidonge cha Jumamosi kinakinga mpaka mwisho wa mwezi.* Hili ndilo kosa kubwa. P2 imelichelewesha yai, haikulifuta. Yai linaweza kutoka Alhamisi. Mume aliyerudi kutoka machimboni, au dereva ambaye lori lake limelala Nyakanazi siku tatu akisubiri kibali, hatakuwa na haja usiku mmoja tu. Kila tendo baada ya kidonge linahitaji kinga yake. Siku ileile uliyomeza P2 unaweza kuanza majira, sindano au kijiti. Tumia kondomu kwa siku saba za mwanzo huku njia mpya ikishika.

*Kutegemea kalenda.* "Sikuwa kwenye siku za hatari" ni maneno yaliyosemwa na wanawake wengi ambao leo wanalea. Ugonjwa, safari, njaa na mawazo huisogeza siku ya yai. Kama huna hakika, meza.

*Kuruka, kukojoa, kuchuchumaa, kujiosha ndani.* Shahawa zinazotiririka ukisimama ni kawaida, na mbegu zilizohitajika zimeshapanda ndani ya dakika chache. Hii inawahusu pia wanaotafuta mtoto: kutiririka kwa shahawa hakukunyimi mimba, kwa hiyo usilale miguu juu ukutani ukijilaumu.

*Kunywa maji ya majivu, chai ya rangi nzito, bluu ya kufulia au vidonge vya malaria vingi kwa pamoja.* Hakuna hata kimoja kinachozuia mimba. Vinaunguza tumbo, figo na ini. Mabinti wa shule hukimbilia huko kwa hofu ya kufukuzwa. Binti anayesoma haya ajue kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni. Usinywe sumu kwa sababu ya shule.

*Kuuziwa misoprostol badala ya P2.* Hiyo ni dawa nyingine kabisa, yenye kazi nyingine, na inaweza kuleta damu nyingi. Ndiyo maana nimesisitiza usome jina kwenye boksi.

*Kusahau magonjwa.* P2 haikukingi na VVU, kaswende wala kisonono. Kama humjui mwenzako hali yake, omba na dawa za PEP, zinazozuia VVU baada ya tendo. Nazo zina saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Zikishaanza unazimeza kila siku kwa siku 28.

Mwili unaposema kitu baada ya tendo

Neno UTI limekuwa kapu la kutupia kila tatizo la mwanamke. Mtu anawashwa, anaambiwa UTI. Ananuka, UTI. Anaumwa kiuno, UTI, na anatoka na sindano tano. Tenganisha hivi.

*Mkojo unaunguza, unakwenda haja ndogo kila mara na unatoka kidogo.* Hiyo ndiyo UTI yenyewe. Kujamiiana husukuma vijidudu kuelekea njia ya mkojo, kwa hiyo kukojoa baada ya tendo na kunywa maji husaidia. Ikija na homa na maumivu ya ubavu, au ukiwa mjamzito, nenda siku hiyohiyo.

*Harufu kama ya samaki, ikizidi baada ya tendo, na majimaji ya kijivu.* Bakteria wa kawaida wa uke wamevurugika. Mara nyingi kinachowavuruga ni kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu, au maji ya chumvi. Uke hujisafisha wenyewe. Osha nje tu, kwa maji. Shabu na ugoro vinavyowekwa ndani "ili pabane" huchubua, na mchubuko ni mlango wa VVU.

*Mwasho mkali na uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda.* Hao ni fangasi. Hutibika kwa dawa ya kupaka au kuweka ukeni. Wakirudi mara kwa mara, pima sukari na VVU.

*Majimaji ya kijani au manjano, yenye povu, au usaha.* Hayo ni maambukizi ya zinaa, na tiba ni ya wawili. Ukitibiwa peke yako na mwenzako akarudi Ijumaa na ugonjwa wake, umetibiwa bure. Omba kituoni wakupe karatasi au dawa ya mwenzako.

*Maji mengi wakati wa tendo.* Huku kwetu ndiko kwenye katerero, mtindo wa tendo unaomtoa mwanamke maji mengi, kwa hiyo sitazunguka: maji hayo si ugonjwa, hayahitaji antibaiotiki, na anayekuuzia dawa ya kuyakausha anakuumiza.

*Damu baada ya tendo.* Hapa nakuomba uketi kidogo. Mara ya kwanza, au baada ya muda mrefu, au ukavu, matone yanaweza kuwa mchubuko tu. Ikirudia mara ya pili, usiite uchovu. Inaweza kuwa maambukizi kwenye mlango wa kizazi. Inaweza kuwa kichocho cha mkojo, ambacho huacha vidonda huko ndani. Familia nyingi za Biharamulo zimehamia kutoka Usukumani, ambako kichocho hicho kipo, na kama ulikulia ukioga na kuteka maji kwenye madimbwi, mwambie mhudumu, maana wengi hawaulizi. Na inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini mwetu.

Uchunguzi wake hautishi. Utalala kitandani, miguu imekunjwa. Mhudumu ataingiza kifaa cha kufungulia uke, atapaka siki kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, kisha atangoja kama dakika moja akimulika kwa taa. Pakibadilika kuwa peupe, kuna dalili za mwanzo, na mara nyingi hutibiwa kabla hazijawa saratani. Utasikia baridi ya siki na kubanwa kidogo. Anayeishi na VVU anatakiwa kupimwa mara nyingi zaidi kuliko wengine. Binti yako akifikia umri wa chanjo ya HPV, ile inayokinga saratani hii, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018, asiikose.

Nenda hospitali leo, sio kesho, ukiona

- pedi mbili au zaidi zinalowa kabisa kila saa, kwa saa mbili mfululizo
- maumivu ya tumbo la chini pamoja na homa
- kuzimia, au maumivu makali ya upande mmoja
- damu yoyote ukeni ukiwa mjamzito
- damu yoyote ukiwa umeshakoma hedhi

Kama hukuridhia

Aliyekulazimisha awe mgeni, mpenzi au mtu wa nyumbani, dawa ni zilezile na saa ni zilezile: P2, PEP, dawa za kuzuia magonjwa ya zinaa. Utaratibu wa kuziweka dawa hizi kwenye vifurushi vya dharura una mizizi karibu na hapa. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi na kufika Benaco, wilayani Ngara. Mwaka uleule mkutano wa kimataifa wa Cairo kuhusu idadi ya watu na maendeleo ulitamka kwamba aliyekimbia makwao naye ana haki ya afya ya uzazi, na tangu hapo mashirika ya misaada yakaanza kubeba huduma hizo tangu siku ya kwanza ya maafa. Unachokiomba kaunta si upendeleo.

1. Nenda hospitali kwanza. Matibabu hayapaswi kungoja PF3, ile fomu ya polisi. Fomu inaweza kufuata.
2. Ukiweza, usioge wala kufua kabla ya kupimwa. Nguo ulizovaa ziweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, sio nailoni, kwa sababu nailoni huozesha ushahidi.
3. Kama umeshaoga, nenda hivyohivyo. Dawa zinafanya kazi hata kwa aliyeoga.
4. Mwombe mtu akusindikize Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kwa mtoto, piga 116, ni bure.

Kabla hujakihitaji

Hakuna sharti kwamba kidonge kinunuliwe baada ya ajali. Siku ya mnada, au ukienda Ngara mjini au Biharamulo kwa shughuli nyingine, nunua kimoja. Kifunge kwenye kitambaa, kiweke mbali na jua na mbali na bati, mahali ambapo watoto hawafiki. Nyuma ya boksi andika kwa kalamu, kwa herufi kubwa, mwezi na mwaka kinapoisha. Boksi likiandikwa hivyo unaweza kulisoma hata usiku, kwa mwanga wa simu.